Mbao za Baba na Mvule wa Uwanjani

Jumanne, tarehe 11 Februari. Asubuhi jua lilitoka kali mapema. Hakukuwa na upepo wala wingu.

Nilifagia uwanja kama kila siku. Zamani kazi hiyo ilinichosha, kwa sababu mvule wetu ulikuwa na majani mengi. Siku hiyo nilimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Majani yalikuwa machache. Yalikuwa madogo, ya manjano, na kingo zake zilikauka kama karatasi iliyopitiwa na moto.

Nilisimama na ufagio mkononi, nikatazama juu. Matawi ya juu yalikuwa matupu. Niliona mbingu mahali ambapo sikuwahi kuiona.

"Mungu wangu," nikasema polepole, "huu mti una nini?"

Nilimpelekea Baba mkwe chai yake. Nilimkuta amefumba macho. Jua lilikuwa limeingia dirishani na kumwakia usoni. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Jua," alisema.

Nikachukua shuka ili nilitundike dirishani.

"Acha," alisema. "Nione... mti."

Basi nikaacha. Nikakaa pembeni, nikampepea kwa gazeti huku nikimnywesha chai kidogo kidogo.

Baba alikuwa seremala. Alifanya kazi ya mbao tangu ujana wake. Siku moja kiharusi kilimwangusha ndani ya karakana yake, nyuma ya nyumba. Tangu hapo mkono wa kulia na mguu wa kulia havikuwa na nguvu. Maneno nayo yalimtoka kwa shida, moja moja. Furaha yake ilibaki kwenye dirisha lile. Asubuhi alitazama ndege. Jioni alitazama popo wakija kula matunda ya mvule. Mchana kivuli cha mti kiliingia mpaka kitandani kwake, na chumba kilikuwa baridi.

Mvule huo haukupandwa na mtu wa familia. Baba aliukuta hapo aliponunua kiwanja. Mdogo wake, ambaye ana mashine ya kupasua magogo, alitaka kuukata siku ile ile. Baba alikataa. Alisogeza msingi wa nyumba ili mti ubaki.

"Nimepasua mivule maisha yangu yote," alikuwa akituambia. "Acha na mimi niwe na mmoja uliosimama."

Sasa mvule ule ulikuwa unakauka mbele ya macho yake. Nasi hatukujua kwa nini.

*

Mume wangu ni fundi wa kupanga vitofali vya uwanjani. Wenzake humwita Duara, kwa sababu hakuna anayemshinda kupanga vitofali kwa mzunguko. Akipanga yeye, macho yako yanazunguka na kazi yake mpaka unaona kizunguzungu.

Baba alipopata kiharusi, tulipewa kiti cha magurudumu. Tulijaribu kumsukuma mpaka chini ya mvule. Tukashindwa. Mizizi mikubwa ilikuwa imejitokeza juu ya ardhi. Magurudumu yalinasa. Mvua ikinyesha, palikuwa tope. Siku moja kiti kilipinduka, Baba akaanguka. Mama mkwe alilia sana.

Mume wangu alisema, "Baba yangu hataanguka tena katika uwanja wake."

Alileta kifusi, magari kwa magari. Akafunika mizizi yote. Akasawazisha, akashindilia kwa mashine mpaka ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Kisha akapanga vitofali kwa miduara, kuanzia ukutani mpaka kwenye shina lenyewe. Vya mwisho aliviunga na gome la mti kwa saruji. Hata sindano isingepita. Shina akalipaka chokaa nyeupe.

Ilikuwa kazi nzuri, sitasema uongo. Watu walikuja kuitazama. Baba aliposukumwa mara ya kwanza mpaka kivulini, alishika mkono wa mwanawe akaubusu. Mwanamume mzima, mume wangu, akageuka ukutani asionekane akilia.

Kwa sababu ya uwanja huo, mume wangu na wenzake walipata kazi kubwa. Walitakiwa kupanga vitofali katika uwanja wa zahanati. Pale pana mikuyu mitatu mikubwa ambapo wagonjwa husubiri zamu zao. Msimamizi wa zahanati alikuja kwetu, akatazama miduara, akasema, "Nataka hivi hivi. Mpaka kwenye shina."

Hiyo ilikuwa hali yetu. Kilichotupa sifa kilikuwa pale pale, chini ya mti unaokauka.

*

Jumamosi iliyofuata, Baba mdogo alikuja kumjulia hali kaka yake. Ni mtu mnene, mcheshi, na sauti yake hutangulia kuingia ndani kabla yake.

"Hodi hapa! Mkwe, uji upo? Tumbo langu limesikia harufu tangu njiani."

"Karibu, Baba mdogo. Uji upo, lakini sufuria ni moja."

"Moja inanitosha. Ninyi mtakula nini?"

Tulicheka. Hata Baba alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha Baba mdogo alitoka uwanjani, akatazama juu, na kicheko kikamwisha.

"Duara," alimwita mume wangu. "Huu mti umekwisha."

"Mvule hupukutisha, Baba mdogo. Kila mwaka hupukutisha."

"Unanifundisha mimi mvule? Mvule hupukutisha, kisha huchipua haraka. Huu umechipua chini tu, na machipukizi yenyewe kama ya mgonjwa. Juu hakuna kitu. Tawi lile likianguka, litaangukia wapi?"

Tawi lile lilikuwa juu ya bati la chumba cha Baba.

"Nipeni ruhusa nije na mashine," alisema. "Ukikaa zaidi utaoza, na mbao zitaharibika. Ni mvule, jamani! Msiuache uwe kuni."

Kutoka dirishani tulisikia sauti ya Baba. "Hapana."

"Kaka, wewe hujauona kwa karibu."

"Hapana!" Baba aligonga ukuta kwa mkono wake mzima. Akaanza kukohoa, na Mama mkwe akakimbilia ndani.

Baba mdogo alishusha sauti. "Basi. Lakini nyinyi mna macho. Tafuteni siku ya kumwambia."

Jioni hiyo tulisali pamoja chumbani kwa Baba, kama kawaida yetu. Mama mkwe aliomba afya. Mume wangu aliomba kazi ya zahanati iende vizuri. Mimi niliomba kwa ajili ya mti. Niliona haya kidogo kuutaja mti mbele za Mungu, kana kwamba hana mambo makubwa zaidi. Lakini Baba alisema "Amina" kwa sauti kuliko siku zote.

*

Mimi ni fundi cherehani. Nashona barazani. Katika wateja wangu yupo mama mmoja jirani, afisa misitu, anayesimamia bustani ya miche ya halmashauri. Amesomea kazi hiyo chuoni. Mtaani sote tunamwita Mama Miche. Alikuwa amesafiri kikazi muda mrefu. Wiki ile alirudi, akaja na sare yake mkononi.

"Dada, hii nguo imepungua au mimi nimeongezeka?"

"Nguo za ofisini hupungua zenyewe, Mama."

"Mungu akubariki kwa uongo huo. Haya, pima."

Aliivaa juu ya nguo zake, nikaitia pini pindoni, kisha nikazungusha futi kiunoni mwake. Alikuwa ametazama uwanjani juu ya kichwa changu. Ghafla akaacha kucheka. Alitoka na futi ikiwa bado imemning'inia, pini zimejaa pindoni. Akaenda mpaka kwenye mvule.

Aliinama pale vitofali vilipokutana na gome. Akagonga kitofali kwa kidole. Akauliza, "Kitako cha mti kiko wapi?"

"Kitako gani, Mama?"

"Mti haukai ardhini kama nguzo ya umeme. Pale chini shina hutanuka, ndipo mizizi huanza. Hapa shina limenyooka mpaka kwenye tofali. Maana yake mmelizika. Udongo uliowekwa una kina gani?"

Mume wangu alikuwa akiosha vyombo vyake vya kazi. Alijibu bila kugeuka, "Pale kwenye shina unafika gotini. Nilisawazisha."

"Na ukashindilia?"

"Nisiposhindilia, vitofali vitazama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Mama."

Mama Miche alikaa juu ya kigoda changu. Alizungumza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa habari za ugonjwa wake.

"Fundi, mizizi inayolisha mti haiko chini sana. Mingi iko karibu na uso wa ardhi. Chukua urefu wa mkono wako, kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Mingi iko katika kina hicho. Halafu inakwenda mbali, inapita hata ncha za matawi. Na mizizi hiyo inavuta hewa kama sisi."

"Mizizi inavuta hewa?"

"Ndiyo. Udongo mzuri una matundu madogo madogo. Hewa hupita humo, na maji hupita humo. Ukiuongezea kifusi na kuushindilia, matundu yanazibwa. Ukiufunika kwa tofali na saruji, mvua inakimbilia mtaroni. Mti uko juani, lakini chini umekabwa koo."

Mume wangu alisimama. "Nilipanga uwanja huu muda mrefu uliopita. Kama ningekuwa nimeuua, ungekufa siku ile."

"Mti mkubwa haufi siku ile. Una akiba. Unakula akiba yake mwaka, miwili, hata zaidi, huku watu wakisifu uwanja. Akiba ikiisha, unaanza kukauka kutoka juu. Wakati huo aliyepanga vitofali ameshasahau."

"Mimi sijasahau." Alinyoosha kidole kwenye dirisha la Baba. "Nilifanya hivi kwa ajili ya baba yangu."

"Najua, mwanangu. Sote tunajua."

"Basi usiniambie nimekaba kitu koo!"

Alitupa mwiko wake ndani ya ndoo, akatoka nje ya geti. Mama Miche alivua sare taratibu, pini moja moja, akanipa.

*

Kwa siku kadhaa nyumba yetu ilikuwa kimya. Mume wangu alitoka mapema na kurudi akiwa amenuna. Alipita uwanjani bila kutazama juu. Jua liliendelea kuingia chumbani kwa Baba. Alianza kukataa chakula. Tukimgeuza upande wa ukuta apate nafuu ya jua, alijitahidi kugeuka tena. Alikuwa akiutazama mti wake kama mtu anayekaa na mgonjwa.

Siku ya Jumapili, baada ya sala, mume wangu alikaa kitandani kwa Baba. Mimi na Mama mkwe tulikuwa mlangoni.

"Baba," alisema, "Mama Miche anasema vitofali vyangu ndivyo vinavyoua mvule wako."

Baba aliendelea kutazama dirishani. Tulidhani hakusikia.

"Najua," alisema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Zamani."

"Mbona hukuniambia?"

Baba alitafuta neno. Mdomo ulihangaika. Mwishowe akasema, "Kazi yako... nzuri."

Mume wangu aliinamisha kichwa kwenye goti la baba yake. Mabega yake yalitikisika. Mama mkwe alinivuta nje, tukaenda kukaa jikoni. Tulichambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Baadaye tulisikia mlio wa chuma uwanjani. Duara alikuwa ameshika mtaimbo. Aling'oa kitofali cha kwanza, kile kilichogusa shina.

*

Mama Miche alikuja jioni hiyo hiyo. Hakuna aliyetaja maneno ya siku ile. Alisema tu, "Polepole, fundi. Tusimalize kuua tunachotaka kuponya."

Alituonyesha namna ya kufanya. Vitofali tulivitoa kwa mkono. Kifusi tulikiondoa kwa koleo dogo, na karibu na mizizi tulitumia vijiti na vidole. Alikataa jembe. Alikataa mashine.

"Kila mzizi utakaoukata sasa ni mdomo mmoja umeuziba," alisema.

Chini ya kifusi udongo ulinuka kama maji ya chombo kilichosahauliwa. Mizizi mingi midogo ilikuwa myeusi. Ukiigusa, ngozi yake inabaki mkononi. Gome lililozikwa lilikuwa laini. Sehemu nyingine mume wangu alifikisha kidole mpaka ndani.

"Huu upande umekufa," Mama Miche alisema. "Sitawadanganya. Lakini ule mwingine bado una utomvu. Tazama."

Alikwaruza kidogo kwa kucha. Utomvu mweupe ukatokeza.

Tulifanya kazi kila jioni mpaka kitako cha mti kikaonekana. Kilikuwa kipana, kimetanuka kama mguu wa tembo. Chokaa tuliiosha. Kisha Mama Miche akatuambia tutandaze majani makavu juu ya ardhi, yasiguse shina. Majani hayo huhifadhi unyevu, huoza, na kuwa chakula. Maji tulimwaga mbali na shina, kwa wingi, kisha tukaacha siku zipite kabla ya kumwaga tena. Yeye mwenyewe alileta watu wa halmashauri wenye kamba na misumeno. Walikata matawi makavu yaliyoning'inia juu ya bati, hayo tu.

"Nami miaka yote nilikuwa nikifagia majani na kuyachoma," nilisema.

"Ulikuwa unamnyang'anya mgonjwa sahani yake."

Mama mkwe alimuuliza, "Kwa nini tusiukate tu, tupande ile miti mirefu myembamba ya mapambo, kama ya hotelini? Inakua haraka."

"Mama, miti hiyo si mibaya. Lakini ilitoka mbali. Nani atawalisha popo hawa na ndege hawa? Mvule huu umezaliwa na ardhi hii. Unajua kiangazi chake na mvua zake. Nani aliwahi kuumwagilia kabla ya kuugua?"

"Hakuna."

"Na ukiukata leo, kivuli kama hiki utakipata lini? Mche wa mvule ukiupanda peke yake juani, wadudu huvimbisha majani yake ukadumaa. Huupata ukubwa wake katikati ya miti mingine, taratibu. Wewe na mimi hatutaukalia." Akamgeukia mume wangu. "Ndiyo maana, fundi, mchoro wa uwanja huanza na mti uliopo. Chora mti kwanza. Chora matawi yake yanapoishia, uongeze na zaidi. Hapo ndipo pake. Vitofali vyako vianze baada ya hapo."

Mume wangu aliuliza swali ambalo sote tuliliogopa. "Na Baba atapita wapi?"

Uwanja ulikuwa umerudi kuwa mizizi na udongo, kama zamani. Kiti cha magurudumu kilikuwa barazani, na kivuli kilikuwa ng'ambo.

"Njia ya mbao," Mama Miche alisema. "Iliyoinuliwa juu ya vinguzo vichache, isikanyage ardhi. Mashimo ya vinguzo mtachimba kwa mkono. Mkikuta mzizi mnene, mnasogea. Lakini mbao ziwe ngumu. Mbao laini mchwa watazila, na mzee ataanguka tena."

"Mbao ngumu tutazitoa wapi?"

Kutoka dirishani Baba aligonga ukuta. Tukaingia.

"Karakana," alisema. "Juu."

Mama mkwe aliweka mkono mdomoni. "Hapana. Zile hapana."

Sote katika familia tulizijua mbao zile. Zilikuwa zimelazwa juu ya boriti za karakana, zimefungwa kwa turubai. Zilikuwa mbao za mvule, nene, kavu, Baba mwenyewe alizichagua na kuzipiga randa. Alikuwa amezitengea sanduku lake la kuzikiwa. Alikuwa akisema, "Seremala asiwasumbue watu siku ya mwisho."

"Baba," mume wangu alisema, "hizo ni za sanduku lako."

"Njia," Baba alisema.

"Baba, tafadhali."

"Mfu... haoni." Alipumzika. "Mimi... naona."

*

Mume wangu ni fundi wa saruji. Katika mbao alikuwa kama mtoto. Tulimtoa Baba kwa kiti cha magurudumu mpaka barazani, naye akawa msimamizi. Sijawahi kumwona akifurahi vile tangu augue, ingawa alichoka upesi.

"Siyo," alikuwa akisema.

"Siyo nini, Baba? Msumeno?"

"Mkono."

"Mkono wangu una nini?"

"Wa... saruji."

Tulicheka mpaka Mama mkwe, aliyekuwa amekasirika kwa ajili ya zile mbao, akacheka pia. Baba mdogo alipopita na kuona mbao zinakatwa, hakucheka. Alipapasa ubao mmoja kwa kiganja. Kisha akavua shati, akashika upande wa pili wa msumeno. Mtu mwenye mashine alikata mbao kwa mkono mpaka jua likazama.

Njia ilipokamilika, tulimsukuma Baba juu yake. Magurudumu yalitoa sauti nzito, nzuri. Tulimfikisha karibu na shina. Mti ulikuwa wa kusikitisha. Kilele kitupu, nusu yake kavu. Kivuli kilichobaki kilikuwa kidogo, kama shuka lisilofika miguuni. Lakini Baba alinyoosha mkono wa kushoto, akashika gome. Alifumba macho. Aliomba bila sauti, midomo tu.

Alitoka kila siku kwa majuma machache. Kisha hakuweza tena. Kisha, asubuhi moja ya mawingu, Mama mkwe aliita, tukaja, na Baba hakuwa nasi tena. Mungu amlaze mahali pema. Alikuwa ameelekea dirishani.

*

Tulimzika katika sanduku la mbao laini. Baba mdogo alilitengeneza. Alikuwa akipiga misumari na kulia, akisema, "Kaka yangu, seremala mzima, kwenye mbao za maboksi." Hakuna aliyemnyamazisha.

Baada ya maziko mvua zilianza. Zilinyesha siku nyingi. Watu waliendelea kuja kutupa pole. Walikaa barazani na kwenye ile njia ya mbao, maana ardhi ilikuwa na unyevu. Walikuwapo Mama Miche na mafundi wenzake mume wangu.

Jirani mmoja alitazama mvule, akatikisa kichwa. "Mwenye mti ameondoka. Sasa ukateni. Mti nusu ni aibu uwanjani."

Fundi mmoja akadakia, "Halafu Duara, rudisha vitofali. Jumatatu tunaanza zahanati. Yule bwana akija akaona tope hili, tutamwambia nini?"

Mama Miche ndiye aliyeinuka. Alitembea mpaka mwisho wa njia, akainua uso kwenye mvua. "Dada," aliniita, "hebu njoo."

Nilikwenda. Katika matawi ya chini, upande ule uliokuwa na utomvu, palikuwa na majani mapya. Si mengi. Lakini yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, makubwa kuliko kiganja changu. Hayakuwa yale madogo ya manjano. Nilimshukuru Mungu hapo hapo, kwa sauti, na watu wakasikia.

"Mti mzima hautarudi," Mama Miche alisema. "Lakini huu upande unaishi. Mkiulinda, utawazika nyote."

"Kwa baraka hiyo, asante," alisema Baba mdogo, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Mume wangu alikuja taratibu juu ya mbao za baba yake. Alisimama pale kiti cha magurudumu kilipokuwa kikisimama. Aliweka kiganja kwenye gome. Kisha akageuka, akatutazama sote, mvua ikimwagika usoni mwake.

"Mama yangu yupo, anasikia," alisema. "Baba mdogo yupo. Mke wangu yupo. Mafundi wenzangu mpo, na Mungu yupo. Mti huu hautakatwa. Na Jumatatu, kabla hatujashusha tofali, nitakwenda mwenyewe kwa yule bwana wa zahanati. Nitamwambia uwanja wangu aliousifu ulikuwa unaua mti, na nitamleta hapa auone. Akikubali kuiachia ile mikuyu mitatu ardhi yake na hewa yake, nitampangia uwanja mzuri kuliko huu. Akikataa, atafute fundi mwingine. Tangu leo mpaka siku mtakaponizika, sitapanga kitofali juu ya mzizi wa mti."